Mtoto Aliyeanguka Shambani, na Ndugu Aliyeanguka Uwanjani

Somo: 2 Wafalme 4:8-37 na Luka 13:1-5



Tunawasalimu ninyi nyote mlio hapa Bujumbura, katika Buyenzi, Bwiza, Kinama na Kamenge, pamoja na ninyi ambao karatasi hii itawafikia Bwagiriza na Kavumu kwa mikono ya wasafiri. Kwa toleo hili tulikuwa tumekwisha kuandaa somo juu ya utoaji. Tumeliweka kando, litangoja. Kuna jambo limetupata kama kanisa, na tukinyamaza, wengine wataendelea kulihubiri mahali petu, tena wanalihubiri vibaya.

Mnajua wote habari ya Jumamosi ile. Mkutano wa familia ulikuwa umekwisha, tukaenda kwenye uwanja wa mchanga karibu na ziwa, wazee wacheze mpira na vijana. Sisi wachungaji ndio tulioipanga mechi hiyo, wala hatutaki kujificha nyuma ya mtu mwingine. Ndugu yetu, mzee wa kanisa mwenye miaka 49, baba wa watoto watano, alikuwa anacheza upande wa wazee. Jina lake hatuliandiki kwa sababu familia imetuomba hivyo. Alicheza vizuri. Dakika ya ishirini hivi alisimama, akashika magoti kama mtu anayetafuta pumzi, halafu akaanguka kifudifudi. Hakuna aliyemgusa. Vijana wengine walicheka, wakifikiri uzee umemwangusha. Sisi pia tulicheka kidogo, Bwana atusamehe.

Tulipomgeuza tuliona macho yake. Alikoroma mara mbili, mara tatu, tukasema anapumua, asante Yesu. Mmoja akammwagia maji. Mwingine akampepea kwa shati. Mwingine akaanza kumvuta ulimi. Sisi tulimwekea mikono tukaomba kwa sauti kubwa, na mama wa kwaya wakazunguka wakilia na kuimba. Teksi ilichelewa. Tulipofika hospitali, daktari alimtazama, akatutazama na sisi, akauliza swali moja tu: ni nani aliyemsukuma kifua? Hatukuelewa hata swali lenyewe.

Siku ya pili ya kilio, maneno yalianza. Mnakumbuka kwamba kabla ya mechi mama mmoja wa kanisa letu aliwagawia wachezaji Fanta. Basi ikasemwa kwamba marehemu alipewa sumu. Ikaulizwa mama huyo ni wa wapi, ni wa kabila gani, alifika hapa na kundi gani, mwaka gani. Siku ya nne mtu alitupa jiwe juu ya mabati yake usiku. Tangu hapo hakuna anayenunua kitu kwake, na Jumapili iliyopita benchi lake lilikuwa na mtu mmoja tu, yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, wapendwa, tufungue Neno.

Mwanamke wa Shunemu alikuwa mtu mwenye mali aliyemtengenezea Elisha chumba juu ya nyumba yake, kitanda, meza, kiti na taa. Alipata mtoto katika hali ambayo hakuitegemea tena. Mtoto alikua, na siku moja akaenda shambani kwa baba yake, kwa wavunaji. Ilikuwa siku ya mavuno, jua kali, watu wanafanya kazi. Hapo mtoto akaanza kulalamikia kichwa chake. Baba akamwambia mtumishi ampeleke kwa mama yake. Mtoto akakaa magotini pa mama mpaka adhuhuri, akafa.

Tazameni vile Biblia inavyolieleza jambo hili. Mtoto alikuwa mzima asubuhi. Akaenda mahali pa kazi, kwenye jua, akaanguka, na adhuhuri hayupo. Hakuna adui anayetajwa, wala dhambi ya mtoto, ya mama au ya baba. Wavunaji wote walikuwa wanakula chakula kimoja na kunywa maji mamoja, wala hatusomi kwamba mmoja wao aliitwa na kuulizwa ametia nini katika mtungi. Mwili wa mwanadamu unaweza kuanguka. Biblia inajua hivyo, na haioni haya kusema.

(Juu ya baba yake tungeweza kusema mengi. Yeye alibaki na mavuno. Wanaume tuliomo katika kanisa hili tunajijua.)

Baada ya mazishi tulikwenda kwa daktari mmoja tunayemwamini, tukamwuliza kwa unyenyekevu kama wanafunzi. Alitueleza hivi. Moyo ni kama pampu, na ndani yake kuna moto mdogo wa umeme unaoiambia ipige lini. Pampu hii nayo inahitaji damu yake, inayopita katika mishipa myembamba. Mtu akifika miaka ya arobaini na hamsini, hasa akiwa na tansiyo, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita presha, au ugonjwa wa sukari, au akivuta tumbaku, mishipa hii inaanza kuziba polepole kama bomba lenye kutu. Akikaa chini hasikii kitu, kwa maana damu kidogo inatosha. Akikimbia, akipanda mlima au akibeba gunia, moyo unadai damu nyingi, nayo haipatikani. Hapo umeme unavurugika. Moyo unaacha kupiga, unatetemeka tu, kama ndagala waliojaa wavuni: wote wanatikisika, lakini hakuna anayekwenda mbele. Damu haifiki tena kichwani. Mtu anaanguka kwa sekunde chache. Na ule mkoromo tulioushukuria si kupumua. Ni mwili unaoagana.

Kwa vijana sababu mara nyingi ni nyingine. Kuna wanaozaliwa na nyama ya moyo iliyo nene kupita kiasi, au mishipa iliyopita mahali pasipo pake. Na huku kwetu Afrika wako watoto ambao waliumwa koo mara nyingi bila dawa, ugonjwa ukashuka kwenye moyo na kuharibu milango yake. Mama zetu, koo la mtoto si jambo la kupuuza.

Msidhani haya yanawapata maskini peke yao, au wakimbizi peke yao. Wachunguzi wa Ufaransa walihesabu watu walioanguka ghafula katika michezo nchini kwao, wengi wao wakafa, kati ya mwaka 2005 na 2010. Walikuta 820. Kati ya kila mia, sita tu ndio vijana wa mashindano, wale wa televisheni. Waliobaki ni watu kama sisi: baba aliyepanda baiskeli, jirani aliyetoka kukimbia, rafiki wa mpira wa Jumapili. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 46, na 95 katika mia walikuwa wanaume. Hata Ufaransa kwenye mahospitali mengi, waliopona ni kama 16 tu katika mia. Wengi sana walianguka mbele ya macho ya watu, lakini waliosukumwa kifua na watu waliokuwepo hawakuzidi theluthi moja. Tulipoyasikia haya tuliona aibu yetu ina majirani wengi, ingawa haikutupunguzia uzito.

Warundi wenyeji wetu wanalijua jambo hili kwa machozi yao. Papy Faty alizaliwa hapa hapa Bujumbura mwaka 1990. Aliichezea Intamba mu Rugamba, timu ya taifa, na alicheza mpaka Uturuki na Afrika Kusini. Waganga walikuwa wamekwisha kuuona ugonjwa katika moyo wake na kumshauri aache mpira. Tarehe 25 Aprili 2019, katika mechi kule Eswatini, alianguka kipindi cha kwanza, akafa. Alikuwa na miaka 28, umri ule ule wa Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka kule Lyon tarehe 26 Juni 2003 dunia nzima ikitazama. Na Juni 2020 taifa hili lilitangaziwa kwamba Rais Pierre Nkurunziza, mtu aliyeupenda mpira na maombi, amefariki kwa moyo kusimama, akiwa na miaka 55. Maneno mengi yalisemwa barabarani wakati ule. Sisi ni wageni na hatuingii humo. Tunataja tu jinsi kifo cha ghafula kinavyovuta maneno, hata kikiingia ikulu.

Sasa tuje kwa neno la sumu.

Hatusemi kwamba watu hawauani. Sisi tuliotoka Uvira, Fizi na Bukavu tumeona watu wakiuawa, na katika kanisa letu wamo waliopoteza ndugu zao pale Gatumba usiku wa tarehe 13 Agosti 2004. Mtu aliyeona hayo ana haki ya kuogopa. Moyo uliozoea kuwindwa ukiona kifo unauliza kwanza: ni nani? Tunaelewa. Lakini swali hilo likikosa jibu la kweli, linamshika yeyote aliye karibu na asiye na wa kumtetea.

Bwana wetu aliletewa habari za namna hii katika Luka 13. Walikuja kumwambia juu ya watu waliouawa na Pilato, naye mwenyewe akaongeza habari ya wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Vifo viwili tofauti: kimoja kina muuaji, kingine hakina. Mnara ulianguka tu. Yesu hakuwatafutia watu wale dhambi, wala hakumtafuta aliyeuloga mnara. Aliwageukia waliokuwa wanauliza, akawaambia watubu wao. Basi na sisi, kabla ya kuuliza habari ya chupa ya Fanta, tumeulizwa habari zetu.

Tuseme yale tuliyohakikisha. Fanta zile zilitoka katika kreti moja. Chupa zilikuwa 24, zikafunguliwa mbele ya wote, na wachezaji wa pande zote mbili walikunywa. Mchungaji msaidizi alikunywa mbili, tumemsamehe. Hakuna mwingine aliyeumwa hata tumbo. Daktari alituambia wazi kwamba bila kuupasua mwili hawezi kuapa, na fedha ya kazi hiyo hatukuwa nayo. Lakini tulipomsimulia mambo ambayo ndugu yetu alikuwa akiyalalamikia miezi kadhaa, alitikisa kichwa, akasema hayo ndiyo maelezo ya moyo wenye mishipa iliyoziba, kama yalivyo katika vitabu vyao.

Na hapa tunafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Ndugu yetu alikuwa amekuja kwetu. Ilikuwa miezi minne kabla ya mechi, katika ile pembe ya kanisa yenye pazia ambayo tunaiita ofisi. Alikuwa anafanya kazi ya ulinzi usiku kule juu Kiriri, na kila jioni alipanda mlima kwa miguu ili asitumie pesa ya basi. Alisema kwamba akifika katikati ya mlima kuna kitu kinamkalia kifuani, kizito, kinashuka mpaka mkono wa kushoto, na akisimama kidogo kinaondoka. Tulimwuliza kama ana kinyongo na mtu. Tulimwuliza kama nyumbani kuna amani. Tukamwekea mikono, tukampa siku tatu za kufunga. Siku tatu bila chakula, mtu anayelinda usiku na kupanda mlima! Alitushukuru, akaenda. Jumapili iliyofuata tulimwuliza habari, akajibu kwamba Bwana ni mwema. Sisi tukaandika moyoni: amepona.

Mwanamke wa Shunemu naye, akiwa amemlaza mtoto maiti juu ya kitanda cha nabii, aliulizwa na mumewe kwa nini anakwenda kwa mtu wa Mungu siku ambayo si sabato, akajibu kwamba kuko salama. Gehazi alikimbia kumlaki, akauliza habari zake, za mume na za mtoto, akapewa jibu lile lile. Wahubiri wengi wanaisifu imani ya jibu hilo, na sisi tumeihubiri hivyo zaidi ya mara moja. Lakini someni mbele: alipofika kwa Elisha alianguka chini akamshika miguu. Gehazi alitaka kumwondoa, Elisha akamzuia, akasema kwamba roho ya mama huyu ina uchungu, na Bwana hakuwa amemjulisha. Nabii mzima anakiri kwamba hajui! Jibu la salama lilikuwa la njiani, kwa watu wasioweza kusaidia. Mbele ya anayeweza kusaidia, mama alilia ukweli wote.

Sisi wakimbizi tumefundishwa na maisha kujibu salama. Ofisini tunasema salama. Kwa mwenye nyumba, salama. Kwa mke, salama, asije akalia. Kwa mchungaji tunasema Bwana ni mwema, kwa maana tumewafundisha kwamba mgonjwa ana imani ndogo. Katika hilo tumewakosea. Hezekia alipoomba, Isaya aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, wala hakumwita mtu wa imani haba. Eliya alipochoka hata kutamani kufa, Mungu hakuanza na mahubiri. Alimpa usingizi na mkate, mara mbili.

Rudini kwa Elisha. Kwanza alimtuma Gehazi na fimbo yake, aiweke juu ya uso wa mtoto. Gehazi alikwenda, akaiweka. Hakukuwa na sauti wala dalili. Fimbo ilikuwa ya mtumishi wa Mungu, ilibebwa kwa utii, na mtoto alibaki baridi. Ndipo Elisha akaja mwenyewe. Alifunga mlango, akaomba, kisha akapanda akalala juu ya mtoto, kinywa kwa kinywa, macho kwa macho, mikono kwa mikono, mpaka mwili ukapata joto. Akashuka, akatembea huku na huku chumbani, akapanda tena. Mtoto akapiga chafya mara saba, akafungua macho.

Hatusemi Elisha alikuwa anafanya yale wauguzi wanayofundisha leo. Ule ni muujiza wa Mungu. Lakini maombi yake hayakuuogopa mwili. Aliomba, akaugusa, aliugusa, akaomba, na alipoona bado akarudia. Sisi siku ile tulikuwa Gehazi. Tuliweka fimbo juu ya uso.

Yuko kijana mmoja ambaye habari zake zimetufundisha. Fabrice Muamba alizaliwa Kinshasa mwaka 1988. Baba yake alikimbilia Uingereza, na mtoto akamfuata mwaka 1999, bila Kiingereza, mkimbizi kama watoto wetu. Akawa mchezaji wa Bolton. Tarehe 17 Machi 2012, London, katika mechi na Tottenham, alianguka peke yake uwanjani. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Lakini dakika zile hazikupita bure. Waganga wa uwanja walikimbia mara moja wakaanza kumsukuma kifua. Daktari wa moyo aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, Andrew Deaner, alishuka kutoka kwenye kiti chake kwenda kusaidia. Alishtuliwa kwa mashine ya umeme mara 15, uwanjani na ndani ya gari. Na wakati huo huo watu wengi sana walikuwa wanamwombea, familia yake ikiomba watu wasiache. Alipona. Mpira aliuacha mwaka ule ule, lakini yu hai, na anamshukuru Mungu. Mtu akituuliza ni maombi au ni mikono iliyomponya, tutamwuliza na yeye kwa nini anataka kuvitenganisha.

Tunajua kwamba Bujumbura si London. Mashine za kushtua moyo ni chache, na gari la wagonjwa tunalolijua sisi ni teksi ya jirani. Lakini mikono tunayo. Muuguzi wetu ametueleza hivi, nasi tunaiandika ili isomwe nyumbani kwa sauti. Mtu akianguka ghafula, haitikii, na hapumui kawaida au anakoroma tu, mlaze chali mahali pagumu. Mmoja akimbie kutafuta gari. Mwingine apige magoti, aweke kisigino cha mkono katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, mikono imenyooka, asukume kwa nguvu mpaka kifua kishuke sentimita tano hadi sita, akiachie kipande, asukume tena, haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Akichoka, apokewe na mwingine, kila dakika mbili hivi. Msiache mpaka gari lifike au mtu ajitikise. Maji ya kumwaga, kijiko mdomoni na kuvuta ulimi viacheni. Kila dakika inayopita bila kusukumwa inaondoa sehemu kubwa ya tumaini. Na anayetaka kuomba aombe, kwa sauti hata, lakini mikono yake iwe mahali hapo.

Jambo lingine: msiache kutembea wala kukimbia. Vijana wameuliza kama mpira wa kanisa umefungwa. Haujafungwa. Daktari alisisitiza kwamba mwili uliozoea kazi na mazoezi unalindwa kuliko ule uliokaa, na hatari kubwa ni kwa mtu aliyekaa miezi mingi halafu siku moja anataka kukimbia kama mwanawe. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida, ingawa kidogo. Tusiitupe hata hiyo kidogo. Lakini anayebanwa kifua akipanda mlima, anayezimia akikimbia, anayepigwa na moyo ovyo, au ambaye katika ukoo wao vijana wamekufa ghafula, huyo aende kituo cha afya kabla ya kuja kwetu. Tukimkuta ofisini tutamsindikiza.

Sasa mtasema: akiambiwa apumzike, atakula nini? Hilo ndilo swali gumu kuliko yote, nasi hatuna jibu la haraka. Mtu anayebeba magunia sokoni hawezi kupumzika kwa karatasi ya daktari. Hatumhukumu Papy Faty kwa kuendelea, wala hatumhukumu ndugu yetu kwa kupanda Kiriri. Wazee wa kanisa wamekubaliana kwamba sehemu ya sadaka ya Jumapili ya mwisho wa mwezi iwekwe kwa ajili ya nyumba ambayo baba au mama amekatazwa kazi nzito. Ni kidogo. Ndugu yetu angehitaji faranga za basi tu, za kupanda na kushuka, nazo hatukuzifikiria.

Mjane ametuuliza maswali mawili. La kwanza: kwa nini mtoto wa Shunemu aliamka na mume wake hakuamka? Dada, hatujui. Tunajua kwamba mtoto yule naye alikuja kufa siku nyingine, na kwamba wote wawili wanaingoja sauti moja, ile ambayo Paulo anawaandikia Wathesalonike, katika waraka wa kwanza, sura ya 4. La pili: kwa nini amezikwa Mpanda, mbali na baba zake? Yakobo na Yosefu nao waliulizia mifupa yao, wala Mungu hakuwakemea. Na yule mama wa Shunemu, mkisoma 2 Wafalme 8, mtaona kwamba baadaye alikuwa mkimbizi. Njaa ilimtoa, akakaa miaka saba katika nchi ya Wafilisti na nyumba yake yote, na aliporudi alikuta shamba na nyumba vimechukuliwa, ikambidi aende kulia kwa mfalme. Siku hiyo hiyo Gehazi alikuwa mbele ya mfalme akisimulia habari ya mtoto aliyefufuliwa. Mfalme akaagiza arudishiwe vyote, pamoja na mazao ya miaka ile. Gehazi yule wa fimbo! Safari hii alisema kweli mbele ya mwenye uwezo, na mama akapata haki yake.

Nasi tunataka kusema kweli mbele yenu. Yule mama wa Fanta hana hatia. Aliyetupa jiwe tunamngoja, mlango uko wazi, hatutamtaja kanisani akija mwenyewe. Jumapili ijayo mama wachungaji na mjane wa marehemu watakaa naye kwenye benchi lake. Mjane ndiye aliyeliomba hilo, si sisi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, muuguzi wetu atafundisha nyuma ya kanisa namna ya kusukuma kifua. Tutatumia gunia la unga wa muhogo, na kila familia itume angalau watu wawili, mmoja awe kijana. Vipimo vya tansiyo vitafanyika bure kwa waliozidi miaka 35. Vinywaji vitanunuliwa kwa yule mama, kreti mbili, na sisi wachungaji tutakunywa wa kwanza.